Kitambaa cha Kufua au cha Kutupa? Historia ya Tambara la Jikoni

Karibu mama uliye jikoni, karibu nyanya unayelea wajukuu, karibu baba, karibu yaya, na wewe dada mkubwa ambaye mama akitoka ndiye unayebaki na mtoto. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo ambacho kiko katika kila nyumba, iwe ya mawe au ya udongo, na ambacho hakuna mtu anayekihesabu kuwa mali. Kitu hicho ni tambara. Tambara la kupangusia meza, la kukaushia vyombo, la kushikia sufuria, la kumfuta mtoto mdomo.

Katika kliniki ya watoto kina mama huniuliza, "Sista, nimeona vile vitambaa laini vya kutupa kwenye supamaketi, vile vya waipsi. Je, niache matambara ninunue hivyo? Je, mtoto wangu ataacha kuharisha?"

Hilo ni swali zuri, kwa sababu lina pesa ndani yake na lina mtoto ndani yake. Ili tulijibu sawasawa, hebu turudi nyuma katika historia. Tukijua vitambaa vya kutupa vilitoka wapi na vilibuniwa kuondoa shida gani, tutajua kama shida hiyo iko kwetu, na kama dawa yake ni lazima inunuliwe dukani.

NGUO ILIKUWA MALI

Hapa Afrika Mashariki, kitambaa cha pamba kilikuwa mali kabla hakijawa tambara. Kuanzia miaka ya 1830, meli za wafanyabiashara kutoka mji wa Salem, Marekani, zilileta Zanzibar kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani walikiita merikani, na misafara ikakibeba hadi bara.

Kuelekea mwisho wa karne hiyo ya 19 ikaja leso. Neno lenyewe limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja wakapata vazi moja pana. Kwa hivyo mama, leso unayojifunga kiunoni ilianza kama kitambaa cha kufutia jasho na makamasi.

Nguo haikutupwa ovyo. Ikichakaa iliwekwa ya kulalia. Ikizidi kuchakaa ikawa nepi ya mtoto, kisha ya kushikia sufuria, na mwisho ikawa tambara la kupigia deki. Siku hizi fulana ya mitumba hupita njia hiyo hiyo. Hii ni busara ya mama zetu, na si jambo la kuonea haya.

Lakini busara hiyo ina mlango mmoja wa hatari. Kitambaa kimoja kinapewa kazi zote. Ncha ya leso inafuta makamasi ya mtoto, inakausha mikono, inaepua sufuria, halafu inapangusa kijiko cha uji. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

MUUGUZI NA KITAMBAA CHENYE MAJI

Mwaka wa 1859, Florence Nightingale, yule muuguzi wa Uingereza aliyewahudumia wanajeshi katika vita vya Crimea, aliandika kitabu kidogo cha kuwafundisha watu wa kawaida jinsi ya kuuguza wagonjwa nyumbani. Katika kitabu hicho aliwakosoa watu waliopangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Alieleza kwamba kazi hiyo haiondoi vumbi, inalihamisha tu kutoka mahali hadi mahali. Akasema kipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Wakati huo wanasayansi walikuwa bado hawajakubaliana kuhusu viini vya magonjwa. Elimu ilikuja miaka iliyofuata. Mwaka wa 1877, Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huua bakteria. Mwaka wa 1883, daktari Mjerumani Robert Koch alisafiri hadi Misri kutafuta kiini cha kipindupindu, akaendelea na kazi hiyo India, na mwaka wa 1884 akatangaza kwamba amekipata. Hapo watu wakaelewa kwamba uchafu unaoonekana kwa macho si uchafu wote.

Elimu hiyo ilileta jambo jipya kuhusu tambara. Kitambaa chenye maji huokota uchafu, ni kweli. Lakini kikiachwa kimelowa, kimekunjwa kando ya karai, kina mabaki ya chakula na kina joto la jikoni, basi kimekuwa nyumba ya viini. Bakteria kama wale wa tumboni wakipata unyevu, chakula na joto la kutosha, wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Mmoja anakuwa 2, wawili wanakuwa 4, wanne wanakuwa 8, na hiyo ni saa moja tu. Wakiendelea hivyo kwa saa 7 watapita milioni 2. Kwenye tambara huenda wasiende kwa kasi hiyo, lakini sasa unaelewa kwa nini tambara lililolala limelowa huamka na harufu.

TAULO MOJA YA WATU WOTE

Sasa twende Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu huko ndiko habari ya vitambaa vya kutupa ilikoanzia.

Wakati huo shuleni, hotelini na kwenye vituo vya treni kulikuwa na taulo ndefu iliyoshonwa ncha zake mbili pamoja na kuzungushwa kwenye kijiti ukutani. Kila mtu alivuta kipande akafuta uso na mikono, akaenda zake. Kadhalika, penye maji ya kunywa palikuwa na kikombe kimoja cha watu wote.

Ugonjwa mmoja uliotisha sana ulikuwa trakoma, ambao sisi tunauita vikope. Ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi mtu apofuke. Huenezwa kwa vidole, kwa nzi, na kwa vitambaa vya uso vinavyotumiwa na watu wengi. Mwaka wa 1897 Marekani iliuweka trakoma katika orodha ya magonjwa hatari ya kuambukiza, na wahamiaji waliofika kwa meli wakiwa nao walirudishwa walikotoka.

Katika jimbo la Kansas, afisa wa afya aliyeitwa Dkt. Samuel Crumbine alianzisha kampeni. Mwaka wa 1909 kikombe cha watu wote kilipigwa marufuku kwenye maeneo ya umma ya jimbo hilo, na muda mfupi baadaye taulo ya watu wote nayo ikafuata. Majimbo mengine yakaiga.

Lakini ukiondoa taulo, watu watajifuta kwa nini? Hapo ndipo karatasi ilipoingia. Kampuni ya karatasi ya Scott, ya Pennsylvania, husimulia kwamba mwaka wa 1907 ilipokea karatasi nzito kupita kiasi, isiyofaa kuwa karatasi ya chooni. Arthur Scott wa kampuni hiyo alikuwa amesikia juu ya mwalimu aliyewapa wanafunzi wenye mafua vipande vya karatasi ili wasiguse taulo ya darasa. Akaagiza karatasi ile nzito ikatwe vipande, ikauzwa kama taulo za kutupa. Mwaka wa 1931 kampuni hiyo ilileta taulo za karatasi za jikoni.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Karatasi ya kutupa haikubuniwa kwa sababu kitambaa ni kibaya. Ilibuniwa kwa sababu watu walichangia kitambaa kimoja. Kosa halikuwa la pamba, kosa lilikuwa la kuchangia.

Na kosa hilo hatulitafuti Kansas pekee. Hapa kwetu Kenya, trakoma imesumbua familia kwa miaka mingi katika maeneo kama Turkana, Narok na Kajiado, na mafunzo yetu ni yale yale: osha uso wa mtoto, na kila mtoto awe na kitambaa chake.

WAIPSI ZILIVYOZALIWA

Vitambaa vya kutupa vyenye unyevu vilikuja baadaye. Mwaka wa 1957, Mmarekani aliyeitwa Arthur Julius, aliyekuwa amefanya kazi katika biashara ya vipodozi, alianza kutengeneza jijini New York kijitambaa cha karatasi chenye maji na sabuni ndani ya pakiti ndogo. Alikiita Wet-Nap. Mwaka wa 1960 alikionyesha katika maonyesho ya mikahawa mjini Chicago, na mwaka wa 1963 mikahawa ya kuku ya Kentucky Fried Chicken ikaanza kuwapa wateja wake ili wajifute mafuta ya kuku mikononi.

Mwanzo wake ulikuwa huo: kufuta mikono ya mtu aliye mbali na bomba. Kisha zikaja za kumfuta mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja zenye dawa za kuua viini, za kupangusia jikoni na chooni. Na baada ya tarehe 13 Machi 2020, serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 hapa Kenya, hofu iliingia kila nyumba, na nyumba nyingi ambazo hazikuwa zikinunua dawa za kupangusia zikaanza kuzitafuta.

Hatulaumu. Mtu anapohofia mtoto wake hununua chochote kinachoahidi usalama. Lakini tuulize: je, kitambaa cha kutupa kinatimiza ahadi hiyo?

UTAFITI UNASEMA NINI?

Mwaka wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, walichunguza waipsi za kuua viini zinavyotumiwa hospitalini. Waliona wahudumu wakichukua kitambaa kimoja na kupangusa chuma cha kitanda, kisha meza, kisha vifaa vingine. Walipopima, waligundua kwamba baadhi ya vitambaa hivyo viliokota bakteria bila kuwaua wote, kisha vikawapeleka mahali pa pili palipopanguswa. Ushauri wao ulikuwa mfupi: kitambaa kimoja, mahali pamoja, mara moja, kisha tupa. Mwaka wa 2015 walichapisha uchunguzi mwingine wa aina 7 za waipsi, na ushauri ukabaki ule ule.

Unaona, msikilizaji? Ni lile vumbi la mwaka wa 1859 linalohamishwa, isipokuwa sasa linahamishwa kwa kitambaa cha bei ghali.

Na sisi wa matambara tusijisifu. Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mauritius walieleza jinsi walivyochukua vitambaa 100 vya jikoni vilivyotumika kwa mwezi mmoja. Vitambaa 49 viliotesha bakteria, na miongoni mwao walikuwamo wale wanaotoka kwenye kinyesi. Vitambaa vilivyofanya kazi nyingi, yaani kupangusa meza, kukausha mikono, kushika sufuria na kukausha vyombo, vilikuwa na bakteria wengi zaidi kuliko vya kazi moja. Na vile vilivyokuwa na unyevu vilizidi vikavu.

Kwa hivyo swali la kuuliza si la kufua au kutupa pekee. Swali ni hili: kitambaa hiki kimetoka kufuta nini, na kinakwenda kugusa nini?

WAIPSI HUENDA WAPI?

Kuna jambo jingine. Ukitupa kitu, kinakwenda mahali. Waipsi nyingi zina nyuzi za plastiki ndani yake, ingawa ukizishika utadhani ni pamba. Haziozi kama karatasi. Mwaka wa 2017 jijini London, chini ya mtaa wa Whitechapel, mafundi walikuta bonge la mafuta, nepi na waipsi limeziba bomba la maji taka. Lilikuwa na urefu wa mita 250 na lilikadiriwa kuwa tani 130.

Hapa kwetu, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini waipsi hazikuguswa na marufuku hiyo. Nyumba zetu nyingi hutumia choo cha shimo. Waipsi na nepi zikitupwa humo, shimo hujaa upesi, na lori la kunyonya uchafu likija, bomba lake linaziba. Choo kikijaa na kufurika, mtoto yule yule tuliyetaka kumkinga ndiye anayecheza hapo karibu.

Na gharama je? Chukua bei ya pakiti katika duka lako, uigawanye kwa idadi ya vitambaa vilivyomo. Kisha hesabu. Ukitumia vitano kwa siku, kwa mwezi wa siku 30 ni vitambaa 150. Linganisha pesa hizo na maziwa, mayai au ndengu ambazo mtoto wako angekula mwezi huo. Mama ndiye anayejua hesabu ya nyumba yake.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mama, historia imetufundisha mambo matatu: usichangie kazi, usiache unyevu, na usihamishe uchafu. Hayo yote unaweza kuyafanya kwa fulana moja kuukuu ya pamba.

Ikate vipande vidogo, kila kimoja kama viganja viwili. Vipande vidogo hutumia maji kidogo kufuliwa na hukauka upesi. Kisha gawa kazi. Kimoja cha vyombo, kimoja cha meza, kimoja cha kukaushia mikono, kimoja cha kushikia sufuria. Cha sakafu na cha choo vikae mbali kabisa na jikoni. Kila mtoto awe na chake cha uso. Tumia rangi tofauti au shona alama ya uzi, ili hata mtoto wa nasari ajue chake ni kipi. Na ukipangusa damu au maji ya nyama mbichi mezani, kitambaa hicho kisiguse kitu kingine hadi kifuliwe.

Vya jikoni vifuliwe kila siku kwa sabuni. Sabuni huondoa mafuta na mabaki ya chakula, lakini sabuni na maji baridi pekee huenda visimalize viini. Kwa hivyo ongeza joto. Vichemshe katika sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula, dakika 10 tangu maji yaanze kutokota. Kama kuni au makaa ni shida, vichemshe mara moja au mbili kwa wiki baada ya kuepua ugali, moto ukiwa bado upo. Unaweza pia kuviloweka katika maji yenye dawa ya klorini kama Jik, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usichanganye klorini na siki wala dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa maana hutoa moshi wa sumu. Iweke mbali na watoto.

Halafu anika juani. Tandaza kitambaa kwenye kamba, si kwenye ua ambako kuku hupita, na usikikunje. Jua la Kenya halina bili. Lile jambo la mwaka wa 1877 bado ni kweli. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza kufua.

Najua kuna mama anayesema, "Sista, mimi maji nanunua kwa mtungi." Ni kweli, na wewe usikate tamaa. Beseni moja dogo linatosha vipande sita. Anza na cha uso, kisha cha vyombo, kisha cha mikono na cha meza, na maliza na cha sufuria. Cha sakafu na cha choo vina beseni lao. Maji yanayobaki yapige deki.

Je, vitambaa vya kutupa havina kazi? Vina kazi. Safarini ndani ya matatu, mtoto akichafuka na hakuna maji, vya mtoto vinasaidia. Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa kuharisha au kutapika, ni salama kufuta matapishi kwa kitu utakachotupa, na hata kipande cha nguo kuukuu kinafaa. Kitie kwenye taka, si ndani ya choo, kisha safisha mahali hapo kwa klorini. Lakini waipsi za kupangusia meza usimfute nazo mtoto, uso wala mikono, kwa sababu dawa yake si ya ngozi. Na ukizitumia, soma lebo: nyingi zinahitaji mahali pabaki pamelowa kwa dakika kadhaa ndipo dawa ifanye kazi. Kupitisha mara moja tu na kukausha papo hapo hakutoshi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako uliochakaa. Ni wako, upo nyumbani, na ukiutunza utakutunza. Msala mzuri ukipita, utazame, uutumie panapofaa, lakini usitupe mbachao.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kitambaa kimoja, kazi moja.
2. Kila mtoto na kitambaa chake cha uso.
3. Fua kila siku, chemsha kila unapoweza, anika juani hadi kikauke kabisa.
4. Waipsi moja ni ya mahali pamoja, mara moja. Usiitupe chooni.
5. Tambara lenye harufu ni tambara lenye viini. Lifue sasa, usingoje jioni.
6. Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS na zinki na umpeleke kituo cha afya. Usafi wa kitambaa ni kinga, si tiba.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Jikoni kwako kuna vitambaa vingapi, na kila kimoja kinafanya kazi ngapi? Nani katika nyumba yako huvifua, na hukaukia wapi? Watoto wako hutumia vitambaa vingapi vya uso?

Mpenzi msikilizaji, muda wetu umekwisha. Ukitoka redioni, tazama lile tambara lililo kando ya karai lako, na kama limelowa, jua bado lipo.